Video imetoka mbovu baada ya kurenda: dalili, sababu na marekebisho

Malalamiko yanayomfikia mhariri wa video za harusi, kwaya na mikutano ni yaleyale mwaka hadi mwaka. Sura zimevunjika pale watu walipoanza kucheza. Sauti imeachana na midomo. Flashi imekataa kusoma kwenye televisheni ya baba mkwe. Na mhariri naye ana jibu lake lilelile: anarudi kwenye dirisha la kutolea video, anapandisha kila kitu hadi mwisho, anarenda upya (yaani anaiamuru programu itengeneze faili la mwisho) usiku kucha. Asubuhi tatizo liko palepale, ila faili limekuwa kubwa mara tatu.

Kurenda hakuwezi kuongeza ubora ambao kamera haikuuchukua. Kazi yake ni kuutunza uliopo usipotee njiani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uweke namba gani, uliza kasoro imeingilia wapi: kwenye klipu ya kamera, kwenye taimulaini (mstari wa programu ambako klipu hupangwa), kwenye kurenda kwenyewe, au baada ya faili kutoka mikononi mwako. Hapa chini dalili zimetenganishwa, na ndani ya kila dalili sababu inayotokea sana imetangulia.

Vipimo vya kuanzia, kabla hujagusa mpangilio wowote

Fungua faili ulilorenda kwa VLC, kichezeshi cha video, likiwa kwenye diski ya kompyuta yako. Usilifungulie kwenye flashi wala usitumie nakala iliyopita WhatsApp. Kisha fungua klipu halisi ya kamera, sehemu ileile, ulinganishe. Kasoro ikiwamo kwenye klipu ya kamera, hakuna kurenda kutakakoiondoa. Ikiwa klipu ni safi na faili ni safi, ila kwa mteja ni bovu, basi limeharibikia safarini. Klipu ikiwa safi na faili bovu, hapo ndipo taimulaini na dirisha la kutolea vinapohusika.

Sakinisha MediaInfo, ni programu ya bure. Ipe klipu ya kamera, kisha ipe faili ulilotoa, usome kwa kila moja: kodeki (mbinu iliyotumika kubana video), ukubwa wa picha, idadi ya fremu (picha moja moja) kwa sekunde, kama idadi hiyo ni thabiti au inabadilikabadilika, na bitireti, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya video. Ugomvi mwingi wa studio unaishia kwenye mistari hiyo michache.

Na usijaribie mpangilio kwa harusi nzima. Chagua sekunde 30 zilizo ngumu kuliko zote: ukumbi una moshi, taa za DJ zinazunguka, vipande vya karatasi vinarushwa, watu wanacheza. Weka alama ya mwanzo na ya mwisho, renda hapo tu. Mpangilio ukiziweza hizo, hotuba ya mjomba haitausumbua.

Dalili: picha imevunjika vijiboksi, hasa penye mwendo, moshi au giza

Hii ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Sababu ya kwanza ni klipu iliyokwisha kubanwa kabla haijakufikia. Klipu ya shangazi aliyorekodi kwa simu kisha akaituma WhatsApp kama video ya kawaida imeshapoteza sehemu kubwa ya data yake. Iangalie kwenye MediaInfo: ukikuta picha ndogo na bitireti ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 1 au 2, umepata mkosaji. Mwombe akutumie upya kama hati, au akuhamishie kwa waya. Akiwa ameshaifuta, itumie ikiwa ndogo ndani ya fremu, au kata sehemu fupi. Kuikuza ijaze skrini ya 4K kunaonyesha ubovu wake tu.

Sababu ya pili ni bitireti ndogo kuliko mahitaji ya picha. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Ukubwa wa picha ni idadi ya pikseli. Bitireti ni data ya kuzilisha hizo pikseli. Picha ya 1920×1080 ina pikseli zipatazo milioni 2, na ya 3840×2160 ina zaidi ya milioni 8, mara nne. Ukiacha bitireti ya Mbps 8 ukabadili kutoka 1080p kwenda 4K, kila pikseli inabaki na robo ya chakula chake. Ndiyo maana "4K" ya baadhi ya studio inaonekana mbaya kuliko 1080p ya jirani yao. Kama ulirekodi kwa 1080p, toa 1080p. Mteja anayedai 4K kutoka kamera ya 1080p aelezwe ukweli kwa upole kabla hajalipa.

Namba za kuanzia: kwa video za kupandishwa kwenye YouTube, wao wenyewe wanapendekeza Mbps 8 kwa 1080p ya fremu 24 hadi 30, Mbps 12 kwa 1080p ya fremu 48 hadi 60, Mbps 5 kwa 720p ya fremu 30, na Mbps 35 hadi 45 kwa 4K ya fremu 24 hadi 30. Kwa faili la kumkabidhi mteja wa harusi, mimi ninaona Mbps 8 ni finyu pale moshi na taa zinapoingia. Mbps 12 hadi 16 kwa 1080p, kodeki ya H.264, inatosha, na ukiweka 50 jicho la mteja halitaona tofauti ila flashi yake itaona.

Chagua bitireti inayopanda na kushuka, ile inayoandikwa VBR, si CBR isiyobadilika. Wakati padri anasoma misale data kidogo inatosha. Wakati wa vigelegele inahitajika nyingi. VBR inahamisha data kutoka penye utulivu kwenda penye vurugu. Weka lengo Mbps 14, ukomo 20, kisha jaribu zile sekunde 30.

Sababu ya tatu haionekani kirahisi: programu imerenda kutokana na nakala nyepesi badala ya klipu halisi. Wengi tunahariri kwa proksi ili laptopu isigande. Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ukurasa wa Deliver una kisanduku cha kutumia proksi. Kikiwa na tiki, unachomkabidhi mteja ni ile nakala nyepesi. Kwenye Premiere Pro kuna kisanduku cha Use Proxies na kingine cha Use Previews. Ondoa tiki zote kisha renda sekunde 30 zako. Hakikisha pia diski yenye klipu halisi imechomekwa. Programu ikikosa klipu halisi haiwezi kubuni.

Ukiwa bado hujapona, chunguza ukubwa wa taimulaini yenyewe. Taimulaini ya 1280×720 inayotolewa kwa 1920×1080 ni picha iliyovutwa. Kwenye Premiere Pro kuna mtego mwingine: klipu ya 4K ukiipa amri ya Scale to Frame Size inapunguzwa pikseli zake ili ienee kwenye taimulaini, na ukija kuivuta karibu baadaye unavuta picha iliyokwisha kupunguzwa. Tumia Set to Frame Size, pikseli zake zinabaki. Kile kisanduku cha Use Maximum Render Quality, ambacho watu wanakiamini kama dawa ya kila kitu, kinasaidia pale picha inapokuzwa au kupunguzwa tu. Kwingineko kinakula muda.

Jambo la mwisho ni kodeki ya maunzi dhidi ya ile ya programu. Kurenda kwa kadi ya michoro ni kwa haraka, lakini kwa bitireti ndogo matokeo yake mara nyingi ni hafifu kidogo kuliko ya programu. Kama flashi ni ndogo na huna nafasi ya kuongeza bitireti, badili kwenda kodeki ya programu, chagua kurenda kwa mapito mawili, ulale.

Dalili: kwangu ni safi, kwa mteja au mtandaoni ni mbovu

Uliza kwanza imepita wapi. WhatsApp inabana kila video inayotumwa kama video. Ukituma kama hati haibanwi, na tangu 2022 hati moja inaweza kufika GB 2. Kwa Status hakuna ukwepaji: toa nakala ya pekee, fupi, ya wima 1080×1920 ikikusudiwa kutazamwa kwa simu, maandishi makubwa, moshi mchache. Maandishi membamba yenye vivuli ndiyo yanayokufa kwanza.

Kwa YouTube, subiri. Video mpya huchakatwa kwanza kwa ubora wa chini, na ubora wa juu hufuata baadaye, hasa ikiwa ndefu au ya 4K. Msanii anayepiga simu dakika kumi baada ya kupandisha, akidai umemharibia wimbo, mwambie abonyeze kigurudumu cha mipangilio aone kama 1080p imeshatokea. Aangalie pia kama simu yake imewekwa kubana data. Hata baada ya hapo, kumbuka YouTube inarenda tena faili lako, kwa hiyo wape faili lenye nafuu: Mbps 16 hadi 20 kwa 1080p haina hasara ila ya bando.

Dalili: sauti imeachana na midomo

Anza na kipimo cha bure: vua spika au hedifoni za Bluetooth. Sauti ya Bluetooth huchelewa, na ikichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, huenda faili halina kosa lolote. Sikiliza kwa waya.

Kama mwanzo ni sawa na mwisho imeachana, mshukiwa mkuu ni simu. Simu nyingi hurekodi kwa fremu zinazobadilikabadilika: mwanga ukipungua au kichakataji kikilemewa, fremu kwa sekunde hushuka, kisha hupanda tena. Sauti haina tabia hiyo, inatembea kwa mwendo mmoja. Programu ya kuhariri ikidhani fremu ni 30 sawasawa, picha na sauti vinaachana kidogo kidogo. Kwenye MediaInfo, mstari wa Frame rate mode ukiandika Variable, ndiyo hiyo. Rekodi za skrini na za mikutano ya Zoom huja na ugonjwa huohuo.

Dawa yake iko kabla ya kuhariri. Pitisha klipu HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, chagua fremu thabiti za idadi inayolingana na taimulaini yako, weka ubora wa juu, kisha hariri nakala hiyo. Ukiwa umeshamaliza kuhariri, badilisha faili chini ya klipu ileile ndani ya programu, kisha pitia mikato yako mmoja mmoja, kwa sababu mingine itasogea.

Sababu inayofuata ni kinasa sauti cha pembeni. Saa ya kinasa na saa ya kamera hazilingani kikamilifu, na ibada ya saa tatu inatosha kuonyesha pengo. Usinyooshe sauti yote kwa kubahatisha. Ikate kila baada ya dakika 20 au 30 mahali penye kimya, uilinganishe upya na sauti ya kamera. Mara chache utakuta kosa la tafsiri: klipu ya fremu 30 kamili imesomwa kama 29.97, au kinyume chake. Hilo unalijua kwa hesabu, kwa sababu kwa saa moja pengo linafika kama sekunde 3.6, na linakua kwa mwendo ulionyooka.

Kuna dalili jirani inayowatisha watu: sauti inasikika vizuri kwenye hedifoni, lakini kwenye simu mhubiri ametoweka, imebaki mwangwi na kelele za ukumbi. Hii hutokana na waya wa miksa. Sauti ikitoka kwenye miksa kwa waya wa pini tatu na kuingizwa kwenye tundu la stirio la kamera kwa kiunganishi kisichofaa, upande wa kushoto na wa kulia huwa mawimbi yanayopingana. Spika moja ya simu ikiyajumlisha, yanafutana. Suluhisho halipo kwenye bitireti ya sauti. Kwenye taimulaini, chukua upande mmoja tu uujaze kote kuwili. Dakika moja, mhubiri amerudi.

Ikiwa sauti ya miksa imepasuka tangu kurekodiwa na hakuna kinasa kingine, simama. Kuipitisha kwenye vichujio kumi kutaifanya ivume kama bomba. Mpe fundi wa sauti faili halisi, lisilohaririwa.

Dalili: picha inarukaruka au ina mistari

Maharusi wanaingia ukumbini kwa madaha, na kila baada ya muda mfupi picha inashtuka. Sababu ya kawaida ni fremu zisizolingana. Klipu ya fremu 25 ikiwekwa kwenye taimulaini ya 30, programu hulazimika kurudia fremu 5 kila sekunde. Ya 30 kwenye taimulaini ya 25 inapoteza 5 kila sekunde. Kwenye hotuba huoni, kwenye mwendo unaona mara moja. Taimulaini ifuate kamera kuu, na dirisha la kutolea lifuate taimulaini. Usibadilishe fremu kwenye kutoa kwa sababu tu umesikia 60 ni bora.

Kwa Afrika Mashariki mimi ninapendelea 25 au 50, kwa sababu ya umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbi humeta mara 100 kwa sekunde. Shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50 au 1/100 inakwenda sambamba nazo. Ukirekodi kwa fremu 30 na shata ya 1/60 unapata mikanda ya giza inayopanda na kushuka ukutani, na mikanda hiyo imo kwenye klipu, kwa hiyo mpangilio wa kurenda hauigusi. Kwenye iPhone kuna sehemu ya kuruhusu miundo ya PAL katika mipangilio ya kamera. Ukiiwasha unapata chaguo la fremu 25. Klipu zilizokwisha kuharibika zinaweza kupunguziwa kumeta kwa vichujio maalumu, ingawa hakuna kinachosafisha kabisa.

Mistari myembamba kama meno ya kitana kwenye kingo za mtu anayetembea ni kitu kingine. Hiyo ni video ya mistari inayopishana, kutoka kamera za zamani za 1080i au DVD. Mwambie programu klipu ni ya aina hiyo na mstari gani unatangulia, kisha toa ikiwa Progressive, yaani fremu nzima bila mistari ya kupishana. Ukikosea mstari wa kutangulia, mwendo utaonekana unatetemeka mbele na nyuma. Geuza chaguo, jaribu tena.

Dalili: rangi zimefifia, au sura zimeungua kwa weupe

Kabla ya kuilaumu programu, cheza faili kwa vichezeshi viwili na kwenye simu. Kwenye Mac, QuickTime mara nyingi huonyesha picha iliyopauka kidogo kuliko VLC au kuliko ulivyoiona wakati wa kuhariri. Tofauti ndogo ya namna hiyo usiifukuze. Ukiongeza giza ili Mac ikupendezee, televisheni ya mteja itaonyesha suti nyeusi zisizo na mikunjo.

Sura zikiwa zimeungua na anga jeupe pe, uliza kama kuna klipu za iPhone. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo zinaweza kurekodi kwa HDR, yaani kwa upeo mpana wa mwanga. Klipu ya HDR ikiingia kwenye taimulaini ya kawaida ya Rec. 709 bila kutafsiriwa, mwanga unapitiliza. Washa utafsiri wa rangi wa moja kwa moja katika mipangilio ya taimulaini, au badilisha tafsiri ya rangi ya klipu yenyewe. Kwa kazi ijayo, zima HDR kwenye simu kabla ya kurekodi; mteja wa flashi haihitaji.

Picha yote ikiwa kijivu, pengine kamera ilirekodi kwa Log (rangi bapa za kusahihishwa baadaye) na luti, yaani jedwali la kubadili rangi, uliyokuwa ukiiona iliwekwa kwenye kioo cha kutazamia tu. Kwenye Resolve, luti ya kutazamia haiingii kwenye faili. Iweke kwenye klipu au kwenye nodi. La mwisho, na ni adimu, ni kiwango cha data: video ya kawaida hutumia ngazi 16 hadi 235 kwa nyeusi na nyeupe, na ukilazimisha 0 hadi 255 kichezeshi kinaweza kuzimeza nyeusi au kuzifanya kijivu. Acha kwenye Auto.

Dalili: flashi haisomi, inakata katikati, au televisheni inasema haitambui

Fanya hesabu kabla ya kurenda. Zidisha bitireti kwa idadi ya dakika, kisha kwa 7.5, unapata ukubwa kwa MB. Harusi ya dakika 180 kwa Mbps 8 ni MB 10,800, yaani karibu GB 11. Flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa faili wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno wakati flashi ni ya GB 32 na ni tupu.

Ukiiformati kuwa exFAT, kompyuta itafurahi lakini televisheni nyingi za zamani hazitaisoma. NTFS inasomwa na baadhi yake. Njia isiyo na mabishano ni kuacha FAT32 na kugawa kazi: kanisani, ukumbini, zawadi. Kwa Mbps 8, kipande cha dakika 60 kinaingia salama chini ya GB 4. Kwa Mbps 14, kata kwa dakika 35.

Televisheni ikiona faili lakini ikalikataa, au ikatoa sauti bila picha, angalia kodeki. H.265 hubana vizuri zaidi kuliko H.264, pengine kwa nusu ya ukubwa, lakini televisheni za zamani haziijui. Chaguo salama kwa mteja usiyemjua ni MP4, H.264, profaili High, levo 4.1, biti 8, rangi 4:2:0, sauti AAC, fremu 25 au 30. Fremu 50 au 60 kwa 1080p zinahitaji levo 4.2, na hapo baadhi ya televisheni hugoma.

Video ikicheza dakika kadhaa kisha ikafa, na faili hilohilo ni zima kwenye diski yako, shuku flashi bandia. Zipo zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani hazifiki hata GB 8; zinapokea data kwa uungwana na kuitupa. Ijaze na kuisoma kwa H2testw, programu ya kupima flashi, kabla ya kumkabidhi mtu. Ikishindwa, irudishe dukani uliponunua. Kuiformati hakutaiongezea uwezo.

Dalili: kurenda kunakufa njiani

Angalia nafasi: ya diski unayotolea, na ya diski ya mfumo ambako kashe (faili za muda za programu) hujaa kimyakimya. Futa kashe ya zamani kutoka ndani ya programu. Na usirende moja kwa moja kwenye flashi. Toa kwenye diski kisha nakili.

Baada ya hapo, tazama inafia wapi. Ikifia mahali palepale kila mara, kuna klipu mbovu au efekti inayosumbua hapo. Gawa taimulaini nusu kwa nusu, renda kila nusu, endelea kugawa ile inayokufa hadi umkamate. Zima efekti zake, au toa klipu hiyo peke yake kuwa ProRes au DNxHR (kodeki za kuhariria, zisizobana sana), uirudishe kama klipu mpya.

Ikifia mahali tofauti kila mara, ni joto, umeme au kadi ya michoro. Laptopu iwe kwenye chaja, imeinuliwa, matundu yamefutwa vumbi. Badili kwenda kodeki ya programu. Ikimaliza salama, draiva ya kadi ya michoro ndiyo mshukiwa, isakinishe upya kutoka kwa mtengenezaji. Kwa kazi ndefu sana, toa kwanza ProRes 422 kisha ibane kwa HandBrake, ili hatua ya pili ikifa usirudie ya kwanza. Andaa nafasi: kwa 1080p ya fremu 25, ProRes 422 hula karibu GB 55 kwa saa. Na umeme ukikatika ovyo mtaani kwako, UPS ni sehemu ya studio.

Hapa kuna mahali pa kusimama kabisa. Diski ikianza kugonga tik-tik, au kunakili kukawa kwa kusuasua na klipu zikatoweka na kurudi, zima. Usiiformati, usiendeshe programu ya kuikarabati, usijaribu kurenda "mara ya mwisho tu". Kila dakika inayozunguka inaweza kuifuta harusi ya mtu. Ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data. Vivyo hivyo betri iliyovimba au harufu ya kuungua: chomoa, usifungue mwenyewe.

Dalili: inarenda vizuri ila haimalizi

Vichujio vya kuondoa chenga na vya kutuliza mtikisiko ndivyo vinavyokula muda, mara nyingi kuliko mpangilio wa ubora. Viweke kwenye klipu zinazovihitaji tu. Klipu za H.265 nazo huilemea mashine ya zamani hata kuzifungua. Pia angalia kama diski ya klipu imechomekwa kwenye tundu la USB 2. Ihamishie la USB 3.

Dalili: kituo cha televisheni kimerudisha faili

Usibahatishe. Omba karatasi ya masharti yao ya kiufundi: kodeki, mistari au Progressive, kiwango cha sauti, mipaka ya rangi. Sauti iliyopangwa kwa YouTube huwa kubwa mno kwa utangazaji. YouTube hushusha sauti inayozidi takribani LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -14, wakati kiwango cha EBU R128 kinachofuatwa na watangazaji wengi ni LUFS -23. Kama masharti yanadai rangi ndani ya mipaka na huna kioo kilichopimwa wala skopu (grafu za kupimia rangi na mwanga) unazozielewa, mlipe mtu wa rangi kwa siku moja, umkabidhi taimulaini yako pamoja na klipu halisi, si MP4 uliyokwisha kubana.